Emily Brontë (1818-1848): Mapenzi, Kisasi na Karatasi

Mwaka 1936 Virginia Moore alichapisha wasifu wa Emily Brontë ambamo alidai kuwa amegundua jina la mwanamume aliyependwa na mwandishi huyo, yaani Louis Parensell. Mtu huyo hakuwahi kuwako. Moore alikuwa amesoma vibaya mwandiko uliokuwa juu ya shairi mojawapo. Maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kuaga kwa mapenzi aliyageuza kuwa jina la mtu. Kosa hilo lina asili yake. Msomaji wa Wuthering Heights, riwaya pekee ya Emily, hukutana na penzi linaloteketeza nyumba mbili na kisasi kinachowafuata hata watoto wasiokosa, kisha hujiuliza ni wapi binti wa kasisi, asiyepata kuolewa, alikoyajulia hayo. Wengi wakaenda kumtafuta mpenzi. Maisha yake, yakifuatwa kwa makini, yanaelekeza kwingine kabisa.

Emily Jane Brontë alizaliwa tarehe 30 Julai 1818 katika kijiji cha Thornton, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, akiwa mtoto wa tano kati ya sita. Baba yake, Patrick, alizaliwa Ireland mwaka 1777 katika familia ya kimaskini yenye ubini wa Brunty. Elimu ndiyo iliyompandisha hadi Chuo Kikuu cha Cambridge na baadaye ukasisi wa Kanisa la Anglikana, na katika safari hiyo jina la ukoo nalo likabadilika. Mwaka 1820 familia ilihamia Haworth, mji mdogo wa wafumaji wa sufu uliopakana na nyika ya vilima. Mama yao alifariki mwaka uliofuata. Dada wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, walifariki mwaka 1825 baada ya kuugua katika shule ya bweni ya Cowan Bridge, ambako Emily naye alikuwa amepelekwa akiwa na umri wa miaka sita. Msiba wa aina hiyo haukuwa jambo la ajabu pale: ripoti ya afya ya mwaka 1850 ilionyesha kwamba zaidi ya watoto 41 katika kila 100 wa Haworth walikufa kabla ya kutimiza miaka 6.

Waliobaki, Charlotte, Branwell, Emily na Anne, walilelewa na shangazi wa upande wa mama, wakasoma kila walichokipata: magazeti, Scott, Byron. Mwaka 1826 askari kumi na wawili wa mbao aliopewa Branwell walizaa dola ya kubuni iliyowekwa katika pwani ya Afrika Magharibi, ambayo watoto hao waliijua kwa vitabu vya jiografia tu. Baadaye Emily na Anne walijitenga, wakabuni kisiwa chao, Gondal, katika Bahari ya Pasifiki. Humo mna malkia anayependa na kusaliti, wafungwa, vita na maombolezo. Haukuwa mchezo wa utotoni pekee. Mwaka 1845, akiwa na miaka 26, Emily alisafiri na Anne hadi York, na njiani wakawa wanajifanya wahusika wa Gondal. Nathari ya Gondal imepotea, lakini mashairi yapo, na katika hayo penzi liangamizalo lilikwisha kuimbwa miaka mingi kabla ya riwaya.

Kisasi kina chimbuko jingine. Emily hakudumu mbali na nyumbani. Shule ya Roe Head alikaa miezi michache mwaka 1835, na Brussels, alikokwenda na Charlotte mwaka 1842 kusoma Kifaransa, hakumaliza hata mwaka mmoja. Kati ya safari hizo mbili, mwaka 1838, alifundisha kwa miezi kadhaa katika shule ya Law Hill, karibu na Halifax. Kwa mujibu wa masimulizi ya pale, nyumba hiyo ilijengwa na Jack Sharp, yatima aliyelelewa na ukoo wa Walker, wafanyabiashara wa sufu. Sharp alitwaa biashara na nyumba ya waliomlea. Mrithi halali alipodai haki yake, Sharp alihama akajenga Law Hill jirani nao, akaendelea kuwatafuna kutoka huko. Wachunguzi wengi wameona hapo kiini cha Heathcliff, nao wana sababu.

Hata hivyo kiini si riwaya. Shangazi alipofariki mwaka 1842 aliwaachia mabinti urithi, nao wakaununulia hisa za reli. Aliyeusimamia wakati wenzake wako mbali ni Emily. Taarifa hii hupitwa haraka na wanaompenda Emily wa upepo na nyika, ilhali ndiyo inayomweka karibu zaidi na kitabu chake. Heathcliff hamuui mtu kwa upanga. Anampata Hindley Earnshaw kwa kamari na rehani, na Hindley anapokufa nyumba ni ya mdai wake. Kwa ukoo wa Linton anaingia kwa ndoa, kwanza yake mwenyewe na Isabella, kisha ile ya mwanawe mgonjwa na Catherine wa pili, katika nchi ambayo sheria ya wakati huo ilimpa mume mali ya mkewe isiyo ardhi. Wakili anacheleweshwa ili wosia usibadilishwe. Mwaka 1926 Charles Percy Sanger alionyesha jinsi tarehe na sheria za mirathi zilivyopangwa humo kwa usahihi.

Chombo cha kikatili zaidi ni elimu. Hindley alimnyima Heathcliff masomo ili amshushe. Heathcliff naye anamlipa kupitia mwanawe, Hareton, anayekua hawezi kusoma jina la Hareton Earnshaw lililochongwa juu ya mlango wa nyumba ya mababu zake pamoja na mwaka 1500. Mfumo wa majina nao unasema kitu. Heathcliff ana jina moja tu, tena la mtoto aliyekufa, linalobeba kazi ya jina na ubini kwa pamoja, wakati ubini ndio njia ya mali. Na kisasi kinapovunjika, kinavunjwa na Catherine wa pili akimfundisha Hareton kusoma. Kwa binti wa maskini wa Ireland aliyeinuliwa na herufi, hilo halikuwa pambo.

Mwaka 1846 dada hao watatu walitoa diwani kwa gharama yao wenyewe, chini ya majina ya Currer, Ellis na Acton Bell. Ziliuzwa nakala mbili. Riwaya ilitoka Desemba 1847 kwa mchapishaji Thomas Newby, nayo iliwashtua wahakiki wengi. Penzi lililoangamiza Emily aliliona nyumbani mwake: Branwell, aliyefukuzwa kazi mwaka 1845 kwa sababu ya mke wa mwajiri wake, alizama katika pombe na afyuni hadi alipofariki Septemba 1848. Emily aliugua kifua kikuu baada ya mazishi, akakataa daktari karibu hadi mwisho, akafariki tarehe 19 Desemba akiwa na miaka 30.

Charlotte ndiye aliyempa ulimwengu Emily asiyejua alichokiumba. Katika toleo la mwaka 1850 aliandika utangulizi wa kumtetea dada yake, akayarekebisha baadhi ya mashairi, na akabadili tahajia ya maneno ya Joseph, mtumishi asemaye lahaja ya Yorkshire, ili wasomaji wa kusini wamwelewe. Mashairi yalirudishiwa maneno yake ya asili katika toleo la C. W. Hatfield la mwaka 1941. Joseph alisubiri zaidi: toleo la kitaaluma la Hilda Marsden na Ian Jack, lililofuata chapa ya 1847, lilitoka mwaka 1976.