Salum Abdallah: Aliyeitamani Cuba akaishia Morogoro

MWANAMUZIKI Salum Abdallah Yazidu, aliyezaliwa Morogoro mwaka 1928, alifariki dunia kwa ajali ya gari mwaka 1965 bila kuiona Cuba, nchi aliyoipenda kupitia santuri.

Inasimuliwa kuwa akiwa kijana alitoroka nyumbani akikusudia kwenda huko kwa meli, lakini safari yake iliishia Mombasa, akarejeshwa kwa baba yake.

Mwaka 1948 aliunda bendi akaiita La Paloma, yaani njiwa. Jina hilo ni la wimbo wa Kihispania uliotungwa na Sebastián Iradier katika karne ya 19. Ndani yake msafiri anayeaga Havana anamsihi mpenzi wake ampokee kwa upole njiwa atakayetua dirishani, kwa kuwa ndiye yeye.

Baadaye bendi ilijulikana kama Cuban Marimba, na mapigo ya Cuba yakabeba mapenzi na uchungu wa moyo kwa Kiswahili fasaha.

Baada ya msiba huo, Juma Kilaza aliiongoza bendi. Miaka mingi baadaye nyimbo za marehemu zilitolewa upya Ulaya, ng'ambo ya bahari ambayo mwenyewe hakujaliwa kuivuka.