Francesco Petrarca na Kiu ya Vitabu Isiyokatika

Kati ya tamaa zinazomsumbua mwanadamu, tamaa ya vitabu hujificha vizuri kuliko nyingi, kwa maana huvaa vazi la elimu na mara nyingine hata la ibada. Anayenunua nguo asizozivaa huitwa mbadhirifu; anayenunua vitabu asivyovisoma husifiwa kuwa msomi. Maisha ya Francesco Petrarca, mshairi na mkleri wa Italia wa karne ya 14, yanatusaidia kuitazama tamaa hiyo kwa ukweli na kwa huruma, kwani yeye mwenyewe aliijua, akaikiri, wala hakupona kabisa.

Petrarca alizaliwa Arezzo tarehe 20 Julai 1304. Baba yake, mwandishi wa hati za kisheria, alikuwa amefukuzwa Firenze kwa sababu za kisiasa, na baadaye familia ikahamia eneo la Avignon, walikoishi Mapapa wakati huo. Kijana alipelekwa kusomea sheria Montpellier, kisha Bologna, lakini moyo wake ulikuwa kwa Virgilio na Cicero. Siku moja baba yake alivigundua vitabu alivyovificha, akavitupa motoni. Alipomwona mwanawe akilia kwa uchungu, alivichomoa viwili vilivyokwisha kuunguaungua, akamrudishia: kimoja cha Virgilio na kimoja cha Cicero.

Uchapaji wa vitabu ulikuwa haujaanza Ulaya. Kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono, aghalabu juu ya ngozi, na bei yake ilikuwa kubwa. Petrarca alipokea daraja ndogo na baadaye akapewa nafasi za ukanoni, hivyo akapata riziki na muda wa kutafuta alichokipenda. Mwaka 1333, akiwa Liège, aligundua hotuba mbili za Cicero. Moja aliinakili mwenyewe, ingawa wino uliopatikana mjini ulikuwa haba na wa rangi ya manjano. Mwaka 1345, huko Verona, alikuta mkusanyo wa barua za Cicero ambazo wasomi wa zama zake hawakuwa nazo, akazinakili. Miaka mingi baadaye kitabu hicho kikubwa, kilichokuwa kimesimamishwa karibu na mlango wa chumba chake cha vitabu, kilimwangukia mguuni zaidi ya mara moja. Jeraha likawa baya hata ikahofiwa kwamba mguu ungekatwa.

Katika barua kwa rafiki yake mmoja alikiri kwamba alikuwa na kiu moja asiyoweza kuikata, na kwamba huenda tayari alikuwa na vitabu vingi kuliko alivyohitaji. Katika barua hiyo hiyo alimwomba atafute watu waaminifu wa kumtafutia vingine katika Toscana. Hapo tunaona udhaifu wetu sote: kuitambua tamaa ni jambo moja, kuishinda ni jingine.

Rafiki yake Philippe de Cabassoles, Askofu wa Cavaillon, alipoona kazi nyingi zinamdhoofisha, alimwomba ufunguo wa chumba cha vitabu. Petrarca akampa bila kushuku. Askofu akafunga mlango, akamkataza kusoma na kuandika kwa siku 10, akaenda zake. Siku ya kwanza Petrarca aliiona ndefu kuliko mwaka. Ya pili kichwa kilimwuma kutwa nzima. Ya tatu dalili za homa zikaanza. Askofu alipopata habari alirudi, akamkabidhi ufunguo, naye akapata nafuu mara moja.

Mwaka 1354 alimwandikia shukrani rafiki wa Constantinople aliyempelekea mashairi ya Homero katika Kigiriki. Zamani alikuwa amejaribu kujifunza lugha hiyo kwa Barlaam, mmonaki kutoka Calabria, lakini masomo yalikatika mwalimu alipofanywa Askofu wa Gerace. Basi Petrarca alimiliki hazina aliyoitamani miaka mingi, wala hakuweza kuisoma. Alikikumbatia kitabu kile, akasikitika kwamba alikuwa kama kiziwi mbele ya Homero.

Hata hivyo alifahamu hatari iliyomkabili. Katika kitabu chake kuhusu dawa za bahati njema na bahati mbaya, alichokikamilisha mwaka 1366, aliandika mazungumzo kati ya Furaha na Akili juu ya wingi wa vitabu. Furaha anajivunia rafu zilizojaa, na Akili anamwonya kwamba vitabu, kama chakula, humdhuru anayemeza zaidi ya anavyoweza kusaga.

Kimoja lakini alikisaga vema. Akiwa bado kijana, Padre Dionigi wa Shirika la Mtakatifu Augustino alimpa nakala ndogo ya Maungamo, na Petrarca akaichukua kila alikokwenda. Kwa maelezo yake mwenyewe, tarehe 26 Aprili 1336 alipanda Mlima Ventoux pamoja na ndugu yake Gherardo, ambaye baadaye aliingia utawa wa Wakartusi. Kileleni alikifungua, akakutana na maneno ya Augustino juu ya watu wanaostaajabia milima na kujisahau wenyewe. Akashuka kimya. Wongofu wake haukuwa wa siku moja. Alizaa watoto wawili nje ya ndoa, na mapambano ya moyo wake aliyaeleza katika maandishi mengine. Lakini kitabu hicho kidogo kilimrudisha kwenye dhamiri yake tena na tena.

Mwaka 1362 rafiki yake Boccaccio alitishwa na onyo la mmonaki mmoja kwamba kifo chake kilikuwa karibu, akafikiri kuacha masomo na kuuza vitabu. Petrarca alimtuliza: elimu haimzuii mtu mwema kumfikia Mungu. Kisha akaongeza kwamba, ikiwa ni lazima auze, basi amwuzie yeye!

Mwaka huo huo aliahidi kuuachia mji wa Venezia vitabu vyake, akapewa nyumba ya kuishi. Mpango haukutimia, baada ya kifo chake vitabu vingi vilichukuliwa na mtawala wa Padova, kisha vikatawanyika. Alichokitoa kwa mkono wake kilikuwa kidogo. Maungamo, macho yake yalipochoka, alimpa Luigi Marsili, mtawa kijana wa Shirika la Mtakatifu Augustino. Katika wosia wake wa mwaka 1370 alimwachia padre mmoja wa Padova breviari kubwa aliyoinunua kwa lire 100, na baada ya padre huyo ibaki sakristia kwa matumizi ya mapadre daima. Boccaccio alimwachia florini 50 za kununua vazi la baridi kwa ajili ya masomo ya usiku. Petrarca alifariki Arquà usiku wa kuamkia tarehe 19 Julai 1374, siku moja kabla ya kutimiza miaka 70.

Nasi tunavyo vitabu tulivyonunua kwa nia njema: maisha ya watakatifu, mafundisho ya imani, Biblia iliyobaki na mng'ao wa dukani. Hatuna sababu ya kuvionea haya wala ya kuvichoma. Tuchague kimoja, tukisome polepole katika sala hadi kituguse, na vile tusivyovifikia tuwape vijana, makatekista na jumuiya zetu wangali wakivihitaji. Kitabu kilichofungwa hakimlishi mwenye nacho, na humnyima jirani yake.