David Bruce: daktari aliyemfuata mbung'o hadi kwenye damu ya nyati

Kimelea cha malale huitwa Trypanosoma brucei. Neno la mwisho limetokana na jina la David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza ambaye kazi yake bado inamgusa kila anayenunua ng'ombe mnada huu na kumuuza mnada ule.

Bruce alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1855, na wazazi kutoka Scotland. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1883 alimwoa Mary Steele, aliyefanya naye kazi ya maabara maisha yake yote.

Mwaka 1894 alipelekwa Zululand, kusini mwa Afrika, ambako ng'ombe walikuwa wakifa kwa nagana. Alipiga kambi Ubombo, mlimani pasipo na mbung'o. Kwa hadubini aliona vimelea katika damu ya ng'ombe wagonjwa. Akaagiza mbung'o kutoka bondeni, wakawauma wanyama wazima, nao wakaugua.

Swali likabaki: mbung'o wanakitoa wapi kimelea mahali pasipo na ng'ombe? Bruce akachukua damu ya wanyamapori kama nyati, nyumbu na tandala, akawadunga mbwa nayo. Baadhi ya mbwa wakapata nagana, ilhali wanyama waliotoa damu hawakuonyesha ugonjwa.

Tumezoea kusema swala hula nyasi na simba humla swala. Kimelea hakimo katika hesabu hiyo, kumbe nacho huamua nani ale nyasi za wapi. Wanyamapori wamezoeana nacho, ng'ombe wengi hawakiwezi. Palipojaa mbung'o, mfugaji alihama na malisho yakabaki kwa nyati.

Mwaka 1903 Bruce alifika Uganda. Malale ilikuwa ikiwamaliza watu wa Busoga na visiwa vya Ziwa Victoria. Janga hilo liliua zaidi ya watu 200,000. Mtaliano Aldo Castellani alikuwa ameshaona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Bruce alikusanya mbung'o kwa msaada wa machifu na wamisionari, akachora ramani. Maeneo ya mbung'o na maeneo ya ugonjwa yakalingana.

Ujuzi huo ulikuwa na gharama. Wakoloni waliwahamisha watu wa ufukweni, wakaacha mashamba na uvuvi wao. Kusini mwa Afrika, wanyamapori waliuawa kwa maelfu ili mbung'o wakose damu.

Bruce alifariki London tarehe 27 Novemba 1931, siku 4 tu baada ya Mary.

Aliyoyaona Ubombo yalijirudia jirani yetu. Mwishoni mwa mwaka 1998 malale ilizuka Soroti, mashariki mwa Uganda, mahali ambapo haikuwapo. Watafiti walifuatilia chanzo hadi kwenye ng'ombe waliotoka maeneo yenye ugonjwa na kupitia mnadani. Ng'ombe anaweza kubeba kimelea cha malale ya binadamu huku akionekana mnene na mwenye afya, kama nyati wa Zululand. Kwa hiyo mfanyabiashara asiamini macho peke yake. Ng'ombe anayetoka eneo la mbung'o apewe dawa ya vimelea hivyo kabla ya kuuzwa au kusafirishwa, kwa sababu akishafika anakokwenda, mbung'o wa huko watamaliza kazi iliyobaki.