Abu Raihan al-Biruni na Mizani ya Bahari

Wako miongoni mwetu wadhanio kuwa elimu ya bahari na umbo la ardhi ni mambo ya dunia tu, hayamhusu mtu wa dini. Kwa ajili yao twaeleza habari za Abu Raihan Muhammad bin Ahmad al-Biruni.

Alizaliwa Kath, katika nchi ya Khwarazm, mwaka 362 Hijria (973). Sultani Mahmud alipoiteka nchi hiyo mwaka 1017, alimchukua Ghazna. Ugenini hakukaa bure. Alijifunza lugha ya Wahindi wa kale, na karibu na ngome ya Nandana, Punjab, alipima kimo cha mlima, kisha akapima kutoka kileleni jinsi upeo wa macho unavyoinama. Kwa pembe hiyo, iliyozidi kidogo nusu digrii, akahesabu ukubwa wa ardhi nzima.

Mwaka 416 (1025) alimaliza kitabu cha kupima mahali pa miji, ili kibla cha Ghazna kijulikane kwa hesabu. Kutafuta kibla kukamfikisha baharini. Alieleza kuwa wachimbao visima katika jangwa la Arabuni hukuta makombe, basi hapo palikuwa bahari. Tena, maji na udongo vikihama juu ya ardhi, uzito huhama, na kitovu cha uzito wa ardhi hakitulii mahali pamoja.

Wa leo wameupima uhamaji huo. Kuanzia 2002 hadi 2017 vyombo viwili vya angani viitwavyo GRACE, vya Marekani na Ujerumani, vilifuatana kwa umbali wa kilomita 220 hivi. Palipozidi maji chini yao, mvuto ulizidi, na nafasi baina yao ikabadilika. Sisi wa Pwani twajua bamvu na maji mafu. Wachache wetu twajua kwamba uzito wa maji yale huikandamiza ardhi ikabonyea kidogo. Hata Nyanchwa, Kisii, mbali na mawimbi, ardhi huinuka na kushuka kwa mvuto wa mwezi na uzito wa bahari, wala mkaaji wake hahisi.

Al-Biruni alifariki Ghazna yapata mwaka 440 (1048). Yeye hakuitenga sala na hesabu. Basi tukimfundisha mtoto kuelekea kibla, tukamnyima elimu ya ardhi anayosujudia, tumempa nusu ya urithi wake. Wabillahi tawfiki.