Federico Tesio: Mfugaji aliyejenga ukoo wa mabingwa kwa gini 75

DESEMBA mwaka 1915, Ulaya ikiwa katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, farasi jike mwenye umri wa miaka mitano aliuzwa kwenye mnada wa Newmarket, Uingereza, kwa gini 75. Kwa hesabu ya fedha za wakati ule hizo ni pauni 78 na shilingi 15. Jina lake lilikuwa Catnip. Kwenye mbio alikuwa ameshinda mara moja tu, tena shindano dogo.

Mnunuzi alikuwa Mtaliano, Federico Tesio. Miaka 23 baadaye, mjukuu wa Catnip aliuzwa kwa pauni 60,000, bei ambayo haikuwahi kulipwa kwa farasi dume yeyote wa mbio kabla ya hapo. Kati ya mauzo hayo mawili ndipo ilipo habari ya mfugaji ambaye hadi leo hutajwa kuwa miongoni mwa wazalishaji bora wa farasi aina ya Thoroughbred.

Kutoka jeshini hadi shambani

Tesio alizaliwa mjini Turin Januari 1869. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa katika shule ya bweni ya mapadri huko Moncalieri. Alipokua alitumikia jeshi katika kikosi cha wapanda farasi, akashiriki mbio kama mpandaji wa ridhaa, kisha akasafiri nchi nyingi. Alifika hata Amerika Kusini, alikoishi na wachunga ng'ombe wa Argentina.

Mwaka 1898 alimwoa Lydia Fiori di Serramezzana, na mwaka huo huo wakaanzisha shamba la kuzalisha farasi huko Dormello, kando ya Ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia. Wakati huo Italia haikuwa na jina katika biashara hiyo. Farasi bora walikuwa Uingereza na Ufaransa, na huko ndiko zilikokuwa zawadi nono na matajiri wenye mashamba makubwa.

Tesio hakuwa na fedha za kushindana nao. Kwa hiyo alijiwekea utaratibu aliokwenda nao maisha yake yote. Shamba lake lilikuwa na majike wachache. Hakuwa na kawaida ya kufuga madume ya mbegu. Badala yake aliwapeleka majike wake Uingereza na Ufaransa wakapandishwe na madume bora, akalipa ada ya kupandisha na kurudi nao nyumbani. Gharama hiyo ilikuwa nafuu kuliko kununua dume mmoja mwenye sifa, na ilimwacha huru kuchagua dume anayemfaa kila jike.

Kazi zote alizifanya mwenyewe. Ndiye aliyepanga nani apandishwe na nani, ndiye aliyewafunza farasi mbio, na ndiye aliyekuwa mmiliki wao viwanjani.

Alichokiona kwa Catnip

Aliyetazama matokeo ya mbio za Catnip pekee asingeona kitu. Aliyefungua kitabu cha nasaba angeona mengi. Baba yake alikuwa Spearmint, mshindi wa Derby ya Uingereza mwaka 1906. Mama yake alikuwa Sibola, farasi aliyezaliwa Marekani ambaye mwaka 1899 alishinda 1,000 Guineas, moja ya mbio kubwa za majike nchini Uingereza, kisha akashika nafasi ya pili katika Oaks.

Catnip alizalishwa na Meja Eustace Loder, mfugaji mashuhuri aliyefariki mwaka 1914. Vita vilikuwa vimepunguza mbio na kushusha bei. Hivyo Tesio alipata damu ya mabingwa kwa bei ya farasi wa kawaida.

Faida ilianza kuonekana mapema. Mwaka 1918 Catnip alimzaa Nera di Bicci, jike aliyefanya vizuri sana viwanjani nchini Italia. Tesio alikuwa na desturi ya kuwapa farasi wake majina ya wachoraji na wachongaji, na wengi wa uzao wa Catnip walipewa majina yenye kuanza na herufi N. Mwaka 1928, Catnip akiwa na umri wa miaka 18, alizaliwa binti aliyeitwa Nogara.

Nogara viwanjani

Baba wa Nogara alikuwa Havresac II, mjukuu wa St. Simon, dume wa Kiingereza aliyetia fora katika karne ya 19. Nogara hakuwa na umbo kubwa, lakini alikuwa na kasi. Alikimbia mara 18 akashinda mara 14. Miongoni mwa ushindi huo ni Premio Regina Elena, ambayo ni ya majike, na Premio Parioli, ambako alikutana na madume. Kasi yake ilionekana zaidi katika mbio za mita 1,600 na zile fupi kuliko hizo.

Alipostaafu, Tesio alitaka kumpandisha na Fairway, dume maarufu wa Lord Derby. Nafasi zilikuwa zimejaa. Tesio akamtafuta Pharos, ndugu wa Fairway kwa baba na mama, ambaye alikuwa Ufaransa. Pharos alikuwa wa pili katika Derby ya Uingereza ya mwaka 1923. Nasaba ilikuwa ile ile, na kwa Tesio hilo lilitosha.

Januari 1935 Nogara alizaa dume, akaitwa Nearco.

Mauzo ya mwaka 1938

Nearco alikimbia mara 14 na hakushindwa hata mara moja. Mwaka 1938 alishinda Premio Parioli, Derby ya Italia na Gran Premio di Milano. Juni mwaka huo alipelekwa Paris kushindana katika Grand Prix de Paris, mbio za mita 3,000. Kati ya wapinzani wake walikuwamo Bois Roussel, mshindi wa Derby ya Uingereza ya mwaka huo, na Cillas, mshindi wa Derby ya Ufaransa. Nearco aliwashinda wote.

Siku chache baadaye Tesio alimuuza kwa Martin Benson wa Uingereza kwa pauni 60,000. Ikilinganishwa na bei ya bibi yake, ni zaidi ya mara 750.

Ni rahisi kujiuliza kwa nini mtu amuuze farasi bora aliyewahi kumpata. Jibu liko katika hesabu za Dormello. Zawadi za mbio nchini Italia hazikutosha kuendesha shamba la kiwango kile, na madume waliouzwa nje ndio walioleta fedha. Mwaka mmoja kabla, Donatello II, aliyekuwa ameshindwa mara moja tu katika mbio zake, aliuzwa pia kwenda Uingereza kwa bei kubwa. Tesio aliuza madume, majike wa ukoo akawabakiza. Nogara aliendelea kuzaa Dormello, na mwanawe mwingine, Niccolò dell'Arca, alishinda Derby ya Italia mwaka 1941.

Uuzaji huo ulikuwa na hasara yake. Ada za kumpandisha Nearco zilikwenda kwa mwingine, na zilikuwa nyingi. Akiwa Newmarket, ambako wakati wa vita alijengewa handaki la kumkinga na mabomu, Nearco aliongoza orodha ya madume ya mbegu nchini Uingereza mwaka 1947. Wanawe Nasrullah, Royal Charger na Nearctic walieneza damu yake duniani. Nearctic ndiye baba wa Northern Dancer, mshindi wa Kentucky Derby ya mwaka 1964. Kutoka kwa Nasrullah alipatikana Bold Ruler, baba wa Secretariat aliyetwaa mataji matatu makuu ya Marekani mwaka 1973. Leo ni nadra kumpata farasi wa mbio asiye na jina la Nearco katika nasaba yake.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1932 Tesio aliingia ubia na Marchese Mario Incisa della Rocchetta, na biashara ikajulikana kama Dormello-Olgiata. Mwaka 1939 aliteuliwa kuwa seneta. Farasi wake walishinda Derby ya Italia zaidi ya mara 20.

Hata hivyo hakuwa mtu asiyekosea. Ribot, aliyezaliwa mwaka 1952, alionekana mdogo wa umbo kiasi kwamba hakuandikishwa katika mbio kuu za Italia za farasi wa umri wake. Tesio alifariki Milan tarehe 1 Mei, 1954, miezi michache kabla Ribot hajakimbia kwa mara ya kwanza. Farasi huyo alishinda mbio zote 16 alizoshiriki, zikiwamo Prix de l'Arc de Triomphe za mwaka 1955 na 1956.

Somo kwa mfugaji

Awe wa ng'ombe, mbuzi au farasi, mfugaji mwenye mtaji mdogo ana la kujifunza kwa Tesio. Mnyama wa kike hununuliwa pamoja na ukoo wake, hivyo kumbukumbu za mama na bibi zina thamani sawa na umbo linaloonekana mnadani. Mbegu bora ya dume inaweza kulipiwa bila kumnunua dume mwenyewe. Na shida ya fedha inapobisha hodi, dume ndiye wa kuuzwa kwanza. Jike wa ukoo mzuri akitoka zizini, ameondoka na vizazi vyake vyote.