Wally Byam, Mjenzi wa Nyumba za Safarini

Atengenezaye chombo cha safari hana budi kukipima safarini. Kanuni hiyo, aijuayo kila dereva wa jeshi na kila askari wa doria, ndiyo iliyoongoza maisha ya marehemu Wally Byam wa Marekani, mwanzilishi wa kiwanda cha Airstream. Mtu huyu alijenga matela ya kuishi, yaani nyumba ndogo zinazokokotwa nyuma ya motokaa.

Byam alizaliwa tarehe 4 Julai, 1896, mjini Baker City, katika jimbo la Oregon. Katika ujana wake alichunga kondoo, akilala ndani ya kigari chenye jiko, ndoo ya maji na kitanda. Alihitimu Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1921, kisha akashika kazi ya matangazo na uchapishaji huko Los Angeles.

Tela lake la kwanza lilikuwa hema lililosimamishwa juu ya chesisi ya motokaa ya Ford. Kulisimamisha kulikuwa taabu, na mvua iliponyesha halikuwa kinga ya kutosha. Akaliacha, akajenga jingine lenye kuta ngumu. Wakati huo aliyeingia ndani ya tela alilazimika kuinama. Byam aliishusha sakafu kati ya magurudumu na kuliinua paa, hata mtu akaweza kusimama wima na kupika. Watu wakaja kununua, na mwaka 1931 akafungua kiwanda mjini Culver City.

Mwaka 1934 fundi mwingine, William Hawley Bowlus, mjenzi wa ndege zisizo na injini, alitoa tela la duralumini lililopigwa ribiti mithili ya ndege. Kasoro yake ni kwamba mlango ulikuwa mbele, juu ya mahali pa kufungia tela. Byam aliufuata ujenzi huo, akauhamishia mlango ubavuni, na mwaka 1936 akatoa tela lililoitwa Clipper. Ndani yake mbavu na ganda la nje vilishirikiana kubeba mkazo wa njia, kwa hiyo hapakuhitajiwa mbao nzito. Umbo lake la mviringo liliupisha upepo, na motokaa haikulemewa. Lililaza watu wanne, lilikuwa na maji yake na taa za umeme, na bei yake ilikuwa dola 1,200.

Vita Kuu ya Pili ilipofika Marekani, alumini yote ilitakiwa kwa ndege za kivita. Kiwanda kikafungwa, naye Byam akaenda kufanya kazi katika viwanda vya ndege. Vita vilipokwisha alirudia ufundi wake akiwa na ujuzi zaidi.

Hata hivyo hakuridhika na sifa za kiwandani. Mwaka 1951 aliongoza msafara wa matela zaidi ya 60 kuelekea Mexico na Amerika ya Kati. Njia zilikuwa mbovu, vyombo vikavunjika, na ni wachache tu waliofika mwisho wa safari. Mwingine angalificha aibu hiyo. Yeye aliifanya shule: kilichovunjika njiani kiliimarishwa kiwandani, na misafara iliyofuata ikapangwa kwa uangalifu zaidi.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1959, alipoongoza matela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo. Msafara huo ulipita Rhodesia, Kongo, Uganda na Kenya, nchi zilizokuwa bado chini ya wakoloni, kisha Ethiopia na Sudan. Mahali pengine hapakuwa na njia ya kuitwa barabara. Mwaka 1960 matela yale yalipangwa karibu na piramidi za Misri.

Byam alifariki tarehe 22 Julai, 1962, lakini kazi yake haikufa. Mwaka 1969, wanaanga wa Apollo 11 waliporejea kutoka mwezini, ilihofiwa kwamba huenda wamebeba vijidudu. Wakafungiwa ndani ya tela la Airstream lililotengenezwa mahususi, juu ya manowari Hornet.

Wengi hutengeneza vyombo vya kutumiwa na wengine. Byam alilala ndani ya chombo chake mwenyewe, katika njia zile zile alizowapitisha wateja wake. Nasi tunaopewa magari ya kazi tunajua thamani ya fundi wa namna hiyo.