Gary Kildall: Aliyeleta BIOS, mabilioni yakaenda kwa wengine

Ukiwasha kompyuta, kabla hujaona chochote cha maana kwenye skrini, kuna programu ndogo inayoamka kwanza. Inakagua mashine, halafu inauambia mfumo endeshi humo ndani kuna nini: diski zipi, kumbukumbu kiasi gani. Wengi wanaijua kwa jina la BIOS. Jina hilo lilitoka kwa Gary Kildall.

Kildall alizaliwa Seattle, Marekani, mwaka 1942. Alifundisha chuo cha jeshi la majini mjini Monterey, California, na mwaka 1972 akapata PhD ya kompyuta. Mwaka 1974 akaandika CP/M, mfumo endeshi wa kompyuta ndogo.

Shida ilikuwa moja: kila kampuni ilitengeneza mashine kivyake. Diski za huyu si za yule. Kuandika mfumo upya kila mara ingekuwa kazi isiyoisha.

Kildall akaugawa. Sehemu kubwa ikabaki ileile kwa mashine zote. Kipande kidogo, alichokiita BIOS, ndicho kilichojua vifaa vya mashine husika. Baadaye mfumo ukitaka diski, BIOS inaupa jedwali linaloonyesha diski hiyo ina nafasi kiasi gani na imepangwaje. Mtengenezaji anabadilisha kipande hicho tu, basi. CP/M ikaenea.

Mwaka 1980 IBM walibisha hodi wakitafuta mfumo wa kompyuta yao mpya. Mkewe Dorothy, aliyeendesha naye kampuni ya Digital Research, alisita kusaini karatasi ya kutunza siri, na dili halikukamilika. IBM wakaenda Microsoft, ambao walinunua mfumo mwingine uliofuata nyayo za CP/M.

Kompyuta ya IBM ilitoka 1981, BIOS ikiwa ndani ya chipu. Kildall alilalamika, na IBM wakakubali kuuza CP/M pia. Lakini bei yake ilikuwa dola 240, ya Microsoft dola 40. Wateja wakachagua ya bei chee.

Hakufa maskini, Digital Research iliuzwa kwa Novell mwaka 1991. Alifariki Julai 1994 baada ya kuumia kichwa, akiwa na miaka 52.

Siku hizi kompyuta mpya nyingi zinatumia UEFI badala ya BIOS. Kazi ni ileile: kuujulisha mfumo endeshi umeingia kwenye mashine ya aina gani.